Vipele havinitoki shingoni: nirudie mashine ya wembe ya marehemu baba?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu inanitaka niwe na uso safi kila asubuhi, kwa hiyo nanyoa ndevu siku sita kwa wiki. Ndevu zangu ni nzito na za kipilipili, zinajikunja tangu zinapochomoza.

Nilianza ujanani na nyembe za kutupa, zile za plastiki zenye makali mawili. Baadaye nikahamia kwenye mpini wa kubadilisha vichwa, kwanza kichwa cha makali matatu, sasa cha makali matano chenye utepe wa kuteleza. Niliamini kwamba makali yakizidi, uso nao utazidi kulainika. Na kweli, siku ninayonyoa uso unakuwa kama wa mtoto mchanga. Kesho yake shingo inaanza kuwasha. Keshokutwa vipele vimeshatoka, vingine vina usaha, na nikivipitisha wembe vinachuruzika damu. Kola za mashati yangu zina madoa ambayo mke wangu amechoka kuyafikicha. Halafu vichwa hivyo ni ghali, kwa hiyo kimoja nakivuta hadi mwezi na nusu.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu baba, nikakuta mashine yake ya kunyolea. Ni ile ya chuma: unafungua, unaweka wembe wa pande mbili, unakaza mpini. Baba alinyolea hiyo hiyo tangu nikiwa mdogo na sikumbuki kuona kipele shingoni mwake, na ndevu zetu ni zile zile. Nikanunua pakiti ya nyembe, nikajaribu Jumamosi. Nilijikata mara tatu, mbili kidevuni na moja chini ya sikio. Nilitoka bafuni nimejibandika vipande vya karatasi usoni. Mke wangu akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Kisha akaniambia kwa upole niirudishe sandukuni kabla sijajiumiza zaidi.

Niambie Mjomba, tatizo ni mkono wangu au kifaa chenyewe ni cha hatari? Nirudi kwenye makali matano na kuvumilia? Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, ndevu zimeanza kumchomoza, na juzi nimemfuma akinyolea wembe wangu. Naye anataka cha makali matano kama cha baba yake. Nimwanzishie kipi? Na mwisho, kuna ubaya wowote wa kiafya kunyolea mashine ya mtu aliyefariki?

Wako,
Baba wa Watatu

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa shingo, na pole zaidi kwa kuondokewa na baba.

Nimeshika wembe kwenye nyuso za watu kwa miaka mingi, na shingo kama yako nimeziona nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Wenye shingo hizo karibu wote huja na maneno yale yale: ngozi yangu ni mbaya, au sabuni imenidhuru, au sinyoi karibu vya kutosha. Hilo la tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu mtu anaponiambia hivyo najua ameshaanza kujikwangua mara mbili mbili, na kesho atakuwa na hali mbaya zaidi. Wewe unanyoa karibu kupita kiasi. Vipele vyako vinaanzia hapo.

Nikueleze kinachotokea, maana ukikielewa utajua la kufanya bila kuniuliza tena. Kichwa chenye makali mengi kimepangwa ili kali la kwanza liung'ang'anie unywele na kuuvuta kidogo kutoka kwenye kitundu chake. Kabla unywele haujarudi chini, kali la pili linaukata mahali palipokuwa ndani ya ngozi dakika ile, la tatu linafuata, na kadhalika. Unywele ukiachiwa, unazama. Ncha yake sasa imelala chini ya uso wa ngozi, ndiyo maana ukipapasa husikii kitu, unasema uso ni kama wa mtoto. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, unywele huo utakua na kutokea mlango ule ule uliopitia. Wako umejikunja tangu kwenye mzizi. Ncha imekatwa kimshazari, imechongoka kama mwiba, na inapoanza kukua inatoboa ukuta wa kitundu na kuingia kwenye nyama. Mwingine unafanikiwa kutoka nje, lakini unapinda kama ndoana na kuirudia ngozi hatua chache tu mbele. Mwili hauujui unywele ukiwa mahali hapo. Unaupokea kama ungepokea mwiba wowote: unavimba, unawasha, unatunga usaha.

Kwa hiyo vile si chunusi, na wala si uchafu. Chukua kioo usimame kwenye mwanga mzuri, uvute kidogo ngozi pembeni ya kipele kimoja. Mara nyingi utauona uzi mweusi umejiviringa chini ya ngozi kama herufi ndogo.

Sasa linganisha na mashine ya baba yako. Ina pande mbili, lakini kila unapopitisha ni upande mmoja tu unaogusa uso, yaani kali moja. Hakuna kali la mbele la kuvuta ili la nyuma likate. Unywele unakatwa usawa wa ngozi au juu yake kidogo, na ncha inabaki nje, ina njia. Jioni ukipapasa utasikia mkwaruzo mdogo, na mkwaruzo huo ndio salama yako. Watu wengi hawaukubali. Wanaona wamenyoa vibaya, wanarudia, wanavuta ngozi, wanapandisha wembe kutoka kooni kwenda kidevuni, na hapo hata kali moja litawatoa vipele vile vile. Mashine ya chuma haina uchawi. Inakupa nafasi ya kutokata chini mno, basi, na nafasi hiyo unaweza kuipoteza kwa mkono wako mwenyewe.

Nikisema hivyo sina maana kwamba nyembe za makali mengi ni za kutupwa jalalani. Mwenye ndevu laini zilizonyooka, anayenyoa dakika mbili na kuondoka bila kipele, sina sababu ya kumhamisha. Kichwa kinachocheza hufuata kona za uso chenyewe, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mwenye mikono inayotetemeka, kwa mwenye macho hafifu, na kwa anayemnyoa mgonjwa kitandani. Kwa kunyoa kichwani pia, ambako huoni unakopita, kina faida yake. Kwenye safari ya ndege nacho ndicho chepesi, maana wembe wa pande mbili ulio wazi haukubaliwi kwenye mzigo wa mkononi, lakini wa kutupa na wa kichwa cha kupachika kwa kawaida hupita. Na wembe wa kutupa wa kali moja au mawili, ulio mpya, ukishikwa kwa mkono mwepesi, utakufaa wewe kuliko kichwa cha makali matano kilichokaa mwezi na nusu.

Hapo kwenye mwezi na nusu nisimame kidogo, kwa sababu pengine nusu ya mateso yako inatoka hapo. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe mara 50 hivi, na bado unaumaliza wembe. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, Gianluca Roscioli na Cem Tasan wakiwemo, walitazama jambo hili kwa hadubini ya elektroni na kukuta kwamba makali hayasagiki tu polepole kama tulivyodhani. Yanamegeka. Unywele ukilala upande na kukutana na sehemu dhaifu ya chuma, kipande kidogo sana kinatoka, na panapobaki ni pengo. Ukinyoa tena, pengo hilo halikati, linararua. Wewe una makali matano yenye mapengo, siku sita kwa wiki, kwa wiki sita. Juu ya hayo, katikati ya makali hayo mmeshindiliana vinywele, povu lililokauka na ngozi iliyokufa, na maji ya bomba hayafiki huko. Unaupaka uchafu huo kwenye ngozi ambayo tayari ina matundu.

Wembe wa pande mbili nao unachakaa vivyo hivyo, usidhani umeokoka. Tofauti ni kwamba hauna bei ya kukufanya uuonee huruma. Kwa ndevu nzito kama zako tumia mara tatu, nne ikizidi sana, kisha weka mwingine. Ukisikia unavuta, hata kama ni mara ya pili, toa. Usiufute kwa taulo kati ya siku na siku, maana makali yana utando mwembamba wa kuteleza ambao kitambaa kinauondoa, na vidole vyako navyo viko hatarini. Suuza, kung'uta, acha ukauke mahali pasipo na mvuke.

Wembe huu mwembamba una unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na wembamba huo ndio uliozaa mashine yenyewe. King Camp Gillette alipata wazo lake mwaka 1895: wembe wa bati jembamba usionolewa, ukichoka unatupwa. Mafundi walimwambia chuma chembamba namna hiyo hakiwezi kutiwa makali kikakaa. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyeitafuta njia ya kukikaza, na mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, zilitoka mashine 51 na nyembe 168 tu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Marekani iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake, na wanaume hao walirudi makwao wakiwa wamezoea kujinyoa wenyewe. Hataza ya awali, yaani haki ya kuutengeneza peke yake, iliisha mwaka 1921, na leo wembe wa pande mbili unatengenezwa na viwanda vingi, na karibu wote utaingia kwenye mashine ya baba yako. Vichwa vya kupachika ni kinyume chake. Kila mpini una kichwa chake na mwenye hataza wake, na makali yakawa yanaongezwa: mawili mwaka 1971, matatu 1998, manne 2003, matano 2006. Mimi sioni kwamba aliyekuwa anaongeza aliifikiria shingo yenye nywele za kipilipili.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yako. Najua ulichofanya ingawa sikuwepo, kwa sababu kila anayetoka kwenye makali matano hufanya hivyo hivyo. Ulikandamiza. Mpini wa plastiki ni mwepesi, makali yake yamezungukwa na plastiki na mpira, na kichwa kinarudi nyuma ukikisukuma. Miaka yote hiyo mkono wako umejifunza kusukuma. Mashine ya chuma hairudi nyuma. Uzito wake wenyewe ndio nguvu inayotakiwa, na ukiongeza yako, ngozi inavimbia kwenye ule mwanya ulio kati ya wembe na ukingo wa usalama, inakatwa. Kidevuni ulikatwa mara mbili kwa sababu kidevu kina kona, nawe ulipita kwa mstari mrefu mmoja kama unapiga pasi. Chini ya sikio ulikatwa kwa sababu hapo huoni vizuri na mfupa wa taya unageuka ghafla.

Lakini usiishike bado. Kwanza shingo ipone. Ukipitisha wembe wowote juu ya vipele vyenye usaha unazidisha majeraha, hata ukiwa mkono wangu. Kaa wiki nne bila wembe kabisa kama kazi inaruhusu. Nywele zikirefuka, nyingi ya zile zilizonaswa hujichomoa zenyewe. Kama haiwezekani, tumia mashine ya umeme ya kupunguzia, uiweke iache kama milimita moja. Kwa mtu wa hatua mbili tatu mbele yako utaonekana umenyoa. Wapo pia waajiri wanaokubali barua ya daktari wa ngozi, na si aibu kuiomba, kwa sababu huu ni ugonjwa unaojulikana na unaowapata sana watu wenye nywele kama zetu. Asubuhi na jioni kanda shingo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika tano. Uzi uliojiviringa ukiuona umeinua kichwa, unaweza kuuokoa kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti: chomeka chini ya pindo lake, inua ncha itoke, acha hapo. Usiung'oe. Ukiung'oa, mwingine utakua chini zaidi na utaanza upya. Vipele vikiwa vikubwa, vikiuma, au vikiacha makovu yanayovimba na kuwa magumu, acha yote haya uende kwa daktari wa ngozi mapema. Makovu ya namna hiyo ni magumu kuyaondoa yakishakaa. Hivyo hivyo kama una kisukari au unatumia dawa za kuyeyusha damu, zungumza na daktari kabla ya kuanza kujifunza wembe mpya.

Siku utakayoanza, chagua asubuhi isiyo na haraka. Usiku uliotangulia, papasa shingo yako kwa ncha za vidole pande zote ujue nywele zimelala kuelekea wapi. Usishangae ukikuta upande wa kushoto zinaelekea chini, na upande wa kulia, karibu na koo, zinaelekea sikioni. Chora kwenye karatasi kama utasahau. Wengi wanaojikata na wengi wanaopata vipele hawajawahi kuzipapasa ndevu zao hata siku moja, wanafuata mazoea ya mkono.

Nyoa baada ya kuoga, au ushikilie kitambaa cha maji moto usoni kwa dakika mbili au tatu. Unywele ukinywa maji unakuwa laini, na wembe hautumii nguvu. Hatua hii usiiruke hata ukichelewa. Afadhali uende kazini na ndevu. Paka sabuni ya kunyolea kwa brashi, ukizungusha mpaka povu lishike kama maziwa yaliyopigwa na nywele zisimame. Povu la kopo linafaa pia, ila lipe dakika moja likae kabla hujaanza.

Weka wembe mpya ukiushika kwenye zile ncha fupi zisizo na makali. Kaza, kisha tazama kwa juu: makali yachomoze sawasawa pande zote mbili. Shika mpini karibu na mwisho wake kwa vidole vitatu, kama unavyoshika kijiko kidogo, usiufumbate. Laza kichwa cha mashine kwenye shavu mpini ukiwa mlalo, kwa pembe ambayo wembe haugusi kabisa. Halafu teremsha mpini taratibu huku ukivuta kidogo kidogo, mpaka usikie sauti. Utaisikia, mpwa wangu. Ni mlio mwembamba wa nywele zinazokatwa, kama mtu anakwangua mchanga mkavu mbali. Hapo umefika kwenye pembe yake, kama digrii 30 kutoka kwenye ngozi, na unachotakiwa kufanya ni kuifuata sauti hiyo. Ikipotea, umeinua au umelaza mno. Ukisikia kuvuta badala ya sauti, wembe umekwisha au povu limekauka.

Vuta sentimita mbili au tatu, inua, rudia. Mashavu kwanza, kwa kuwa ni bapa na yanasamehe. Shingo baadaye, ukifuata ile karatasi yako. Kidevu na mdomo wa juu mwisho, kwa sababu nywele za hapo ni ngumu na zimepata muda zaidi wa kulainika ndani ya povu. Kidevuni nenda kwa nusu sentimita, ukigeuza mpini kila kona. Usivute ngozi kwa mkono wa pili kuikaza. Ngozi iliyokazwa ikiachiwa inafunika unywele, na tumerudi kule kule. Pita mara moja tu, kufuata ulalo. Ukiona pamebaki mabaka, paka povu upya, pita tena kufuata ulalo ule ule. Kwenda kinyume na nywele sahau. Najua utashawishika, hasa wiki ya tatu ukishajiamini. Niamini katika hili hata kama utanibishia mengine yote.

Suuza kwa maji baridi. Ukijikata kidogo, lowesha jiwe la shabu na ulipitishe pale: litachoma kidogo na damu itakata. Usimwagie spiriti uso mzima kama vinyozi wa zamani tulivyofanya. Inakausha ngozi na kuiwasha. Mafuta mepesi yasiyo na manukato yanatosha. Na usinyoe kila siku kama unaweza kuepuka. Siku moja nyoa, siku moja pitisha mashine ya umeme, na shingo itakushukuru.

Wembe uliokwisha usiutupe kwenye taka ukiwa wazi, kuna mtu atakayeufunga mfuko ule kwa mikono yake. Chukua kopo la bati lenye mfuniko, toboa upenyo mwembamba juu yake, ziwe zinaingia humo. Likijaa baada ya miaka, ni chuma kitupu ambacho mnunuzi wa vyuma chakavu anaweza kukipokea. Kichwa cha makali matano ni chuma, plastiki na mpira vilivyogandishwa pamoja, karibu hakuna anayevitenganisha. Na pakiti ya nyembe mpya ikae juu ambako wale wadogo wawili hawafiki. Hapa ndipo mashine ya chuma inapozidiwa na ya plastiki, na kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa ningeliwazia hilo mara mbili.

Kuhusu mwanao. Jambo la kwanza, na lifanye leo: wembe wako usiguse tena uso wake, wala wake usiguse wako. Wembe unabeba damu usiyoiona, na damu inabeba homa ya ini ya B na ya C, na virusi vya UKIMWI. Kuwa baba na mwana hakubadilishi kitu. Usimgombeze, kaa naye umweleze, umpe wake.

Kipi? Kama amerithi nywele zako, na kwa unavyosimulia amerithi za ukoo mzima, basi makali matano ndiyo kitu cha mwisho ningemwanzishia. Kwa miezi ya kwanza mnunulie mashine ndogo ya umeme ya kupunguzia. Kwa ndevu za miaka 16, zilizo hapa na pale, inatosha kabisa na haitamzoesha vibaya. Akitaka wembe, na atataka kwa sababu rafiki zake wanao, mpe wa kutupa wa makali mawili, mpya, usimame naye mbele ya kioo siku hiyo. Mwambie apapase nywele zake kwanza. Mwambie asikandamize. Asiporithi tabia ya kukandamiza, kuhamia kwenye mashine ya chuma akiwa na miaka 18 au 19 kutamchukua wiki moja, wewe itakuchukua miezi miwili. Mke wako alitumia methali kwa haki yake, ila kwa kijana huyu mimi naisoma kwa namna nyingine: wembe ataupata tu, hata usipompa. Afadhali aupokee mkononi mwako.

Limebaki swali la mashine ya marehemu. Wembe uliokuwa ndani yake utoe, uende kwenye kopo, usinyolee hata kidogo. Mashine yenyewe ni chuma na chuma kinaoshwa. Ifungue vipande vyote, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, isugue kwa mswaki wa zamani, hasa chini ya ule ukingo na kwenye nyuzi za skrubu, ambako povu la miaka mingi limekauka na kuwa kama chokaa. Suuza, kausha, ifute kwa spiriti. Baada ya hapo haina tofauti na mpya. Kisha weka wembe na utazame makali kama nilivyokueleza. Yakichomoza upande mmoja zaidi ya mwingine, fungua ufunge tena. Yakikataa mara ya tatu, ukingo umepinda, labda iliwahi kuanguka sakafuni, na hiyo ndiyo iliyokukata chini ya sikio kuliko mkono wako. Hapo nunua mashine nyingine ya aina hiyo hiyo, omba isiyo kali, yenye mwanya mdogo, ya kuanzia. Ya baba irudishe sandukuni ikiwa safi. Lakini kama makali yamekaa sawa, isimamishe karibu na kioo, mahali alipokuwa akiiweka yeye, na wiki nne zikiisha uanze nayo.